Umerudi nyumbani na mshono: spiriti au maji, mkaja au korseti, plasta au jeli?

Pembeni ya kitanda palikuwa na meza ndogo. Juu yake chupa ya spiriti, chupa ya haidrojeni peroksaidi, iodini, asali ya Tabora, kopo la Vaseline, krimu mbili za duka la dawa, na kisahani cha unga mweupe uliotoka kwenye vidonge vya rangi mbili vilivyokwisha kupasuliwa. Aliyelala alikuwa na siku ya nne tangu apunguzwe tumbo. Akaniuliza, "Nesi, nianze na ipi?"

Nilimwomba mfuko kwanza, nikaviondoa karibu vyote.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa vidonda: wodini, na siku hizi zaidi majumbani, hapa Dar es Salaam. Zamani nilikuwa naitwa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji au mzee mwenye kidonda cha sukari. Sasa naitwa pia kwa dada aliyepunguza tumbo, aliyenyonywa mafuta, aliyepunguza matiti. Wengine wamefanyiwa hapahapa, hospitali ya serikali ya Mloganzila au hospitali binafsi; wengine wametoka Nairobi, India, Uturuki. Daktari anamaliza kazi yake kwa saa chache. Wiki sita zinazofuata ni za nyumbani, na nyumbani kila anayeingia ana dawa yake.

Nitalinganisha mambo ambayo watu huniuliza wachague lipi. Mfano wangu mkuu ni upasuaji wa kupunguza tumbo, kwa sababu mshono wake unatoka nyonga moja hadi nyingine na ndio unaosumbua zaidi nyumbani. Kama daktari wako amekupa maagizo tofauti na haya, fuata yake, yeye ndiye aliyeuona mwili wako kwa ndani. Lakini pale aliposema tu "tunza kidonda" akakuruhusu uende, soma.

Mshono unavyopona, kabla hujachagua chochote

Ndani ya saa 24 hadi 48, kingo za ngozi zilizoshonwa huwa zimekwisha kufunikwa na utando mwembamba wa ngozi mpya. Hapo maji safi hayapenyi tena kirahisi. Kumbe nguvu ya mshono ni habari nyingine kabisa. Wiki ya kwanza una takriban asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Wiki ya tatu, asilimia 20 hadi 30. Miezi mitatu, kama 80, na hapo ndipo unapoishia. Ngozi iliyokatwa hairudi kamwe kuwa 100.

Kwa hiyo hatari ya uchafu kupenya juu ya mshono hupungua mapema, ila hatari ya mshono kuvutwa inabaki kwa wiki nyingi. Nyumbani tunafanya kinyume. Tunahangaika siku kumi na dawa za kupaka juu ya ngozi iliyokwisha kujifunga, halafu wiki ya pili mtu anainua ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mshono bado hauna hata theluthi ya nguvu yake.

Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja: kati ya vitu viwili, nachagua kile kinachouacha mshono utulie.

Cha kupaka: spiriti, iodini, asali, unga wa vidonge, Vaseline, au maji

Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinaua vijidudu, ni kweli. Zinaua pia chembe changa zinazojenga ngozi. Ule mchemko wa povu unaoufurahia, ukidhani uchafu unatoka, haubagui kijidudu na ngozi mpya. Hizi mbili zitoke mezani kabisa.

Iodini ina kazi yake kabla ya kukatwa, na ina kazi kwenye baadhi ya vidonda vilivyooza. Kwenye mshono uliofungwa vizuri haina kazi ya kila siku. Inakausha, inapaka rangi, na ile rangi inanizuia mimi nisione ngozi inabadilika vipi.

Asali najua itanigombanisha na watu. Asali iliyosafishwa kwa ajili ya tiba inasaidia vidonda fulani vya wazi, hasa vya moto. Ya jikoni haijasafishwa hivyo, inaweza kubeba mbegu za vijidudu, na mshono uliofungwa haukuwa na shimo la kuijaza. Weka kwenye uji.

Unga wa kidonge cha rangi mbili, yaani kapsuli ya antibiotiki, ndio unaoniumiza roho zaidi, maana kila wiki naukuta. Kile kidonge kimetengenezwa kipite tumboni kiingie kwenye damu. Ukikimwaga juu ya mshono kinaganda kama saruji, chini yake pananyevuka, na ukija kukibandua unabandua na ngozi. Tena unawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Vaseline je? Inategemea mshono umefungwa kwa kitu gani. Kama ni nyuzi za kawaida na daktari amesema uache wazi, tabaka jembamba la Vaseline kutoka kopo jipya, kwa mikono iliyonawiwa, linazuia kukauka na kukwaruza. Mwaka 1996 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililolinganisha Vaseline ya kawaida na krimu ya antibiotiki kwenye vidonda vya upasuaji mdogo wa ngozi. Maambukizi hayakutofautiana kwa maana yoyote ya kuhesabika, na waliopaka antibiotiki wapo waliopata mzio. Lakini kama mshono wako umegandishwa kwa gundi ya upasuaji, ule utando unaong'aa kama rangi ya kucha, usipake Vaseline wala mafuta yoyote. Mafuta yanailegeza gundi. Iache, itabanduka yenyewe kati ya siku 5 na 10. Basi kabla hujatoka hospitali uliza hivi: "Nimefungwa kwa nyuzi za kuyeyuka, nyuzi za kutoa, au gundi?" Nyuzi za kutoa za tumbo hutolewa kwa kawaida siku ya 10 hadi 14, za usoni siku ya 5 hadi 7. Wengi wanatoka bila kujua, wanakaa na nyuzi za nailoni mwezi mzima wakisubiri ziyeyuke.

Kinachobaki mezani, basi: gozi safi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda), maji ya chumvi, sabuni isiyo na manukato. Maji ya chumvi unatengeneza mwenyewe: nusu lita ya maji iliyochemka dakika tano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yakivuka siku moja uyamwage. Pamba usitumie, inaacha nyuzinyuzi. Gozi za bei kubwa zenye madini ya fedha au jeli? Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2016 wa kuzuia maambukizi ya upasuaji, linashauri gozi ya kawaida kwa mshono uliofungwa. Hizo za kisasa hazikuonyesha kuzuia maambukizi zaidi yake. Pesa hiyo mlipe mtu wa kukupikia.

Kitovu nakitaja peke yake. Kwenye upasuaji huu kitovu kinashonwa upya kwenye tundu jipya, na ndicho kinachosahaulika. Kinakusanya ukoko, kinatoa harufu, mtu anaogopa. Kijiti cha masikio kilicholowekwa maji ya chumvi, mzunguko mmoja taratibu, kisha kikavu. Mara moja kwa siku inatosha.

Kuoga au kujipangusa

Siku mbili za kwanza jipanguse. Baada ya saa 48 mwongozo wa afya wa Uingereza, NICE, unakubali mgonjwa aoge maji ya kutiririka, nami naona waliooga wanapona wakiwa wasafi na wachangamfu kuliko walioogopa. Kwa joto la Dar es Salaam na Mombasa, jasho la siku nane chini ya korseti ni baya kuliko maji safi ya dakika tatu. Ila kama una dreni, yaani mrija unaotoa majimaji chini ya ngozi kwenda kwenye kichupa cha mpira, muulize daktari wako. Wengine wanataka itoke kwanza.

Tofauti iliyopo ni kati ya maji yanayopita na maji yanayokaa. Kopo na ndoo vinafaa kabisa: mtu mwingine akumiminie kutoka begani, maji yateremke juu ya mshono, usisugue. Beseni la kukalia, bwawa, bahari, hapana, mpaka daktari aseme pamefunga pote, na hiyo ni wiki kadhaa. Maji ya tangi ambalo halijasafishwa muda mrefu, yachemshe yapoe.

Na oga umekaa kwenye kiti cha plastiki. Korseti ikivuliwa mara ya kwanza damu hushuka ghafla kuelekea sehemu iliyokuwa imebanwa, watu wanazimia bafuni. Ilegeze ukiwa umelala, subiri dakika kadhaa, ndipo uinuke. Ukimaliza, jikaushe kwa kugusagusa na kanga laini iliyofuliwa ambayo hatumii mtu mwingine, halafu feni kidogo.

Mkaja au korseti

Hapa ndipo mama mkwe, bibi na shangazi wanapoingia, na wanaingia kwa upendo. Wanachokijua ni cha uzazi: mama akijifungua anakandwa kwa maji ya moto, tumbo linafungwa mkaja siku arobaini. Wakiona tumbo lenye bandeji wanaona kitu kilekile.

Nilifika nyumba moja Tanga nikamkuta bibi ameshika kitambaa kirefu cheupe, tayari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, huyu mtoto hataki kufungwa. Tumbo litarudi vilevile."

Sikumbishia. Nilimwonyesha nilichokuwa nakiona. Kwenye kupunguza tumbo, ngozi yote ya chini ya mbavu huwa imeinuliwa kutoka mahali pake, ikavutwa chini, ikashonwa. Ile sehemu ya katikati, juu kidogo ya mshono, ndiyo iliyo mbali zaidi na damu. Inaishi kwa damu inayotoka juu na pembeni. Mkaja unabana kwa mstari: kitambaa kikijikunja kinakuwa kamba, na kamba ikipita hapo juu damu haishuki. Ngozi inakuwa ya zambarau, kisha nyeusi. Kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida ngozi haijaondolewa mahali pake, kwa hiyo mkaja haumpi shida hiyo.

Korseti ya upasuaji inasambaza mbano sawasawa kutoka chini ya matiti hadi mapajani, na inakatwa isijikunje. Ndiyo ninayoichagua. Huvaliwa takriban wiki sita, zile za mwanzo mchana na usiku isipokuwa wakati wa kuoga. Nunua mbili kama unaweza, moja ifuliwe. Mkanda wa tumbo wa kunata unaouzwa maduka ya vifaa vya tiba ni wa bei nafuu na kwa tumbo pekee unafaa, ila unapanda ukikaa, kwa hiyo uangalie mara kwa mara. Kwa aliyenyonywa mafuta mapajani na mgongoni haumtoshi. Korseti za kutengeneza kiuno zenye vijiti vigumu ndani, zile za mitandaoni, usizikaribie miezi hii.

Kubana sana ni kosa pia. Kiganja chako kilicholala kipite kati ya korseti na ngozi. Ukishindwa kuvuta pumzi hadi mwisho, ukishindwa kula nusu sahani, miguu ikifa ganzi, ilegeze. Mbano mkali tumboni unazuia damu kurudi kutoka miguuni, na upasuaji huu tayari ni miongoni mwa operesheni za urembo zinazoongoza kwa damu kuganda miguuni na kwenye mapafu.

Kukandwa kwa maji ya moto nakukataa bila kulainisha maneno. Ngozi ya tumbo lililofanyiwa hivi huwa na ganzi kwa miezi. Mwenyewe hasikii moto. Nimewahi kuitwa kwa dada aliyekandwa na watu wanaompenda, hakusikia kitu, jioni tumbo likawa na malengelenge ya kuungua. Aliponipigia alikuwa analia, na waliomkanda walikuwa wanalia. Chupa ya maji moto na barafu vilevile: ganzi haikuonyi kwa chochote.

Masaji laini ya kusukuma majimaji, inayotolewa na mtu aliyefundishwa na kwa ruhusa ya daktari, ni jambo lingine. Ni nyepesi kama kumpapasa mtoto. Mtu akikukamua mpaka ukapiga kelele, au akaminya maji yatoke kupitia mshono, inuka uondoke.

Yule bibi wa Tanga nilimwomba akae na kazi aliyoiweza kuliko mimi: supu ya samaki, uji wa ulezi, mtori, papai asubuhi. Ngozi inajengwa kwa protini, na dawa kali za maumivu zinafunga choo. Kujikamua chooni ukiwa na mshono mpya tumboni ni kuuvuta kutoka ndani.

Nyumbani kwako, kwa mama, au chumba karibu na hospitali

Kila sehemu niipime kwa choo, ngazi, watoto na umbali.

Wiki ya kwanza hutasimama wima. Utatembea umeinama kama mzee, na usilazimishe kunyooka. Utalala mgongo na magoti vimeinuliwa kwa mito. Godoro la chini halifai, kuinuka kwake kunatumia tumbo lote. Choo cha kuchuchumaa hakifai pia kwa wiki mbili hivi. Fundi seremala anaweza kukutobolea kiti imara cha kuwekwa juu ya choo, au kodi kiti cha choo cha wagonjwa. Mtoto mdogo anayezoea kurukia mapajani atarukia. Kama nyumbani kwako kuna vitu vitatu kati ya hivi, nenda kwa mama, au kwa dada yako mwenye nyumba ya chini.

Kwa anayetoka mkoani, au aliyekatwa mbali na kwao, chumba cha kupanga karibu na hospitali siku saba hadi kumi za mwanzo ni bora kuliko basi la saa nane siku ya tatu. Kwa ndege, huduma ya afya ya Uingereza inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti au kunyonya mafuta, na 7 hadi 10 kwa wa usoni. Kwa tumbo madaktari wengi wanataka zaidi. Safari ya Istanbul hadi Dar es Salaam ni saa saba hivi za kukaa, na damu inaganda kwa kukaa. Tiketi inayokurudisha siku ya nne kwa sababu ndiyo ya bei nafuu usiikubali.

Popote utakapokuwa, tembea kidogo kila saa au mbili ukiwa macho. Kutoka kitandani hadi barazani kunatosha.

Kuna chaguo jingine ambalo watu hawalitaji: kusema au kuficha. Wengi wanaofanya upasuaji wa urembo wanaficha. Wanaogopa maneno ya ukweni, ya kazini, ya kanisani au msikitini. Wanadanganya kwamba wamesafiri, wanajifungia chumbani peke yao na simu. Naelewa kabisa, na sitamlaumu mtu kwa siri yake. Lakini nimekuta mtu siku ya pili hajanywa maji tangu usiku kwa sababu hakuweza kuinuka, na hakuna aliyejua yuko pale. Kati ya kumwambia kila mtu na kutomwambia yeyote, mchague mmoja. Mtu mzima, asiyezimia akiona damu, alale chumba kimoja na wewe usiku wa kwanza na awe karibu wiki nzima. Wifi anayekutakia mema ni bora kuliko rafiki wa karibu anayeogopa kidonda. Kama hayupo kabisa, lipa muuguzi. Hiyo gharama iingie kwenye hesabu kabla ya kulipia operesheni.

Muuguzi aje, au mfunge kidonda wenyewe

Mshono mkavu usio na dreni, mtu wa nyumbani anaweza: kunawa mikono kwa sabuni, kuvua bandeji, kutazama, kuosha, kukausha, kufunga. Kila siku mpigie picha palepale kwenye mwanga uleule. Picha hizo zitanisaidia kuliko maelezo marefu.

Ukiwa na dreni, afadhali muuguzi aje mara mbili tatu za kwanza akufundishe. Kosa ninaloliona ni moja: watu wanamwaga maji, wanafunga kifuniko, wanasahau kuuminya mpira kwanza. Mpira uliojaa hewa hauvuti. Minya mpaka ulale, ukiwa umeminywa ndipo ufunge. Pima kila asubuhi kwa kikombe chenye alama, andika. Madaktari wengi huitoa ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Rangi itoke kwenye wekundu kwenda waridi, kisha manjano hafifu.

Vidonge

Kwa kifupi. Antibiotiki za "kuzuia" zinazoendelea siku saba nyumbani hazina msingi kwa mshono uliofungwa vizuri. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema zisiendelezwe baada ya operesheni. Ukiwa na maambukizi ya kweli utapewa, na umalize. Kwa maumivu, parasetamo gramu 1 kila saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, ukihesabu na iliyomo kwenye dawa za mafua. Daiklofenaki na aspirini usijinunulie, muulize aliyekukata. Sigara na shisha ziache wiki nne kabla na wiki nne baada. Nikotini inabana mishipa ileile midogo ambayo ngozi yako inaitegemea.

Kovu: plasta ya karatasi, jeli ya silikoni, au karatasi ya silikoni

Hili ni la baadaye, mshono ukiwa umefunga kabisa bila ukoko, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu. Wengi wananiuliza hili kwanza, na wananunua jeli kabla ya kununua gozi.

Plasta ya karatasi ni ile nyeupe ya kawaida inayoshikilia gozi. Inabandikwa kwa urefu juu ya mshono, inakaa siku kadhaa, unaoga nayo, ikilegea unabadilisha. Kazi yake ni kuzuia ngozi isivutwe, na kuvutwa ndiko kunakonenepesha kovu. Jaribio moja lililochapishwa 2005, kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, liliwabandika wiki 12, na makovu yaliyoinuka yalipungua wazi. Ni rahisi, inapatikana mpaka Newala. Ubaya wake: ukiibandua kwa haraka inachuna. Ilowanishe kwanza.

Jeli ya silikoni unapaka utando mwembamba mara mbili kwa siku, inakauka. Inafaa usoni, chini ya matiti, mahali panapokunjika na kutoa jasho. Ni ghali, na watu wanaipaka nene kama losheni, inaishia kwenye nguo.

Karatasi ya silikoni inataka kukaa saa 12 au zaidi kila siku, miezi miwili au mitatu, inaoshwa kwa sabuni na kurudishwa. Kwa anayelala kwenye kiyoyozi na mwenye mshono ulionyooka, nzuri. Kwa joto la pwani inaleta vipele vya jasho, mtu anaivua, anaisahau kwenye droo.

Tafiti hazijaonyesha tofauti kubwa kati ya jeli na karatasi, na ushahidi wa silikoni kwa ujumla si mzito kama matangazo yanavyosema. Kwa hiyo, kwa mshono wa tumbo pwani yetu, naanza na plasta ya karatasi. Baada ya miezi mitatu, au plasta ikikukataa, na pesa ikiwepo, jeli. Karatasi ya silikoni naiweka ya tatu.

Mafuta ya vitamini E yaache. Utafiti mdogo wa Marekani wa 1999 ulipaka nusu ya kovu marhamu yenye vitamini E, na nusu nyingine marhamu ileile isiyo nayo. Vitamini E haikusaidia, na karibu theluthi ya watu walipata vipele. Ndimu na mkorogo ndiyo kabisa. Kovu pia ulikinge na jua: kovu changa likipigwa jua linakuwa jeusi na kukaa hivyo. Rangi itachukua mwaka, pengine mwaka na nusu, kutulia.

Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata keloidi zaidi ya wengine. Kama tundu la hereni liliwahi kuota uvimbe, au mama yako ana kovu lililovuka mipaka yake, mwambie daktari kabla hujakatwa. Kovu lililonenepa likibaki ndani ya mstari wake mara nyingi linashuka lenyewe. Linalowasha, linalouma, linalotambaa kwenye ngozi ambayo haikukatwa, hilo halitaki jeli. Linataka sindano ya triamsinoloni, dawa ya kulegeza kovu, na linaitikia vizuri likiwa bado dogo.

Pasipo na kuchagua

Yapo mambo ambayo hatulinganishi, tunaondoka. Upande mmoja kuvimba ghafla na kuwa mgumu, hasa siku ya kwanza. Dreni kujaa damu nyekundu mbichi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Kubanwa pumzi au kifua kuchoma: hilo ni la dakika hiyohiyo. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Usaha, harufu, mshono kuachia, ngozi kuwa nyeusi na baridi. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi hivyo. Tazama ngozi inayong'aa, iliyokolea kuwa zambarau, na tumia mgongo wa mkono wako kusikia joto ukilinganisha upande na upande.

Na kama wiki kadhaa baadaye, umeshasahau, vinaota vivimbe kwenye mshono, vinatoa maji na havisikii antibiotiki za kawaida, mwambie daktari aoteshe usaha maabara na umtajie ulikofanyiwa. Kuna vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vinavyoingia kwa vifaa au maji yasiyo salama. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilivikuta kwa Wamarekani waliofanyiwa urembo Jamhuri ya Dominika mwaka 2013 na 2014. Dozi yake ni ya miezi.

Hospitali utakayokimbilia usiku iamuliwe kabla ya siku ya operesheni, na iwe yenye chumba cha upasuaji, isiwe dispensari ya mtaani. Dereva apatikane, namba yake ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, na yule mmoja uliyemwambia siri yako ajue umekatwa nini, na nani, na unatumia dawa gani. Saa nane usiku wewe hutakuwa na pumzi ya kueleza.